Viungo Vinavyofunguka

4 Februari

Shemeji yangu,

Pokea salamu zetu. Huku hatujambo, ukiacha yale unayoyajua. Binti yako amepanda darasa la tano akiwa wa pili, na anasema nikuambie kwamba wa kwanza alibebwa na mwalimu. Shangazi yenu goti limemwachia, sasa anakuja kwangu kila Jumapili na haondoki mpaka ale mara mbili. Mimi nimerudi kwenye cherehani. Sare za shule zimenisaidia kutofikiri sana tangu tumzike mume wangu, kaka yako.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako inaita mara tatu bila kushikwa, mara ya nne unashika na kusema mtandao unasumbua. Karatasi haina mtandao.

Jambo lenyewe ni vile vyumba sita vya uani. Marehemu aliniachia kuta, bati na milango. Maji hakuwahi kuyaingiza. Mpaka leo sisi sote tunachota kwenye lile bomba moja la getini, na hakuna mpangaji mwenye akili atakayelipia chumba halafu abebe ndoo. Vikipata maji, vitajaa, na mimi na mtoto tutakula bila kumpigia mtu magoti.

Sasa kila mtu ana yake. Koleo, yule fundi uliyekuwa ukifanya naye kazi, anataka mabomba ya plastiki ya kuunga kwa gundi, amalize upesi. Mwenye duka la vifaa anasema nichukue ya chuma, ya kukatwa nyuzi nchani, kwamba plastiki ni midoli. Alipoingia stoo, mke wake akaninong'oneza nichukue yale ya kijani yanayounganishwa kwa moto. Nimetoka pale kichwa kimejaa na mkono mtupu. Wewe ndiye fundi bomba wa familia. Niambie yapi yatakuwa nafuu kwangu bila kunirudisha kwa fundi kila mwezi.

Kuna kingine kidogo. Kaka yenu mkubwa alikuja wiki iliyopita na mtu mwenye futi ya kamba. Wakapima kiwanja kuanzia mbele mpaka ukuta wa nyuma, wakaingia wakapima na chumba ninacholala. Nikauliza, "Shemeji, kuna nini?" Akasema, "Tunaweka kumbukumbu tu." Yule wa futi hakuniangalia usoni. Wewe unajua ni kumbukumbu ya nini?

Shemeji yako,
Mama wa binti yetu


2 Machi

Shemeji,

Nimefurahi kupata barua yako, ingawa ilikaa ofisini kwa karani mpaka nilipokwenda kuulizia buti zangu. Mimi ni mzima. Tunajenga hospitali ya ghorofa nne, nasimamia mafundi bomba kumi na kitu na nusu yao hawajui kushika spana. Nalala kwenye kontena la saiti. Mchana ni tanuri, alfajiri ni jokofu. Mpongeze binti, mwambie mwakani asimwachie mwalimu nafasi ya kumbeba mtu.

Sasa sikiliza. Watu wakienda dukani wanauliza bei ya bomba, wanasahau kwamba pesa inakwenda kwenye viungo. Bomba ni bomba. Kinachokumaliza ni kila kona, kila mahali panapogawanyika, na muda wa fundi kupafunga.

Chuma kiache. Unakata, unachonga nyuzi, unazungushia katani ya kuzuia maji, unakaza watu wawili mpaka mishipa inatoka. Unalipia jasho kuliko chuma, na baada ya miaka michache maji yanatoka rangi ya chai.

Gundi ni rahisi kuliko zote, na Koleo anaipenda kwa sababu akimaliza mapema anakwenda kijiweni. Ikipakwa kwenye bomba lenye vumbi au unyevu, kiungo kinashika leo na kuachia siku una wageni. Halafu jua la uani litaikausha plastiki hiyo iwe kama biskuti.

Mke wa mwenye duka amekuambia kweli. Chukua ya kijani. Kuna mashine kama pasi, unapasha moto ncha ya bomba na kiungo kwa pamoja, vinalainika, unavisukuma moja kwa moja bila kuvizungusha, unashikilia kidogo. Vikipoa vimekuwa kitu kimoja. Hapana mshono, hapana pa kuvuja. Mashine unaikodi, na kwa vyumba sita itajilipa kwa sababu kila kiungo chake ni bei ndogo. Mwambie Koleo ayazike ukutani na kupiga plasta juu. Usikubali ayapitishe nje. Nyumba ile inastahili kitu cha kudumu, shemeji, usifanye kazi ya kubahatisha.

Kabla ya kuanza, mchore kwenye karatasi maji yanakotoka na yanakokwenda, ili bafu na majiko yapakane ukuta mmoja. Kona moja ukiipunguza ni viungo viwili umeokoa.

Msalimie shangazi, mwambie asikumalizie sukari.

Shemeji yako


20 Machi

Shemeji,

Salamu nyingi. Binti alikohoa wiki mbili, sasa amepona. Shangazi amekasirika kuhusu sukari na anasema ulivyokuwa mdogo ulikuwa ukiilamba kwenye kopo.

Nashukuru kwa maelezo. Nimekaa na Koleo tumechora, na kweli vyumba viwili viwili vinapakana, kwa hiyo bomba moja linahudumia pande mbili. Koleo aliiangalia karatasi akasema, "Huyu shemeji yako angekuja mwenyewe badala ya kututumia hotuba." Nikamwambia una kazi.

Anauliza umeme. Huku jioni taa zinakuwa nyekundu kama makaa, na anaogopa mashine ya moto haitapata joto la kutosha. Tufanyeje?

Umenijibu kurasa tatu juu ya mabomba, na juu ya futi ya kamba hata mstari mmoja. Labda ulisahau. Basi nauliza tena, kwa sababu kaka yenu amerudi. Safari hii hakupima, alikaa sebuleni akauliza marehemu aliandikisha kiwanja kwa jina la nani. Nikasema kwa jina lake, kama alivyoandikisha kila kitu, hata redio. Akaitikia kwa kichwa, akasema kikao kitakaa "mdogo wetu akikubali." Mdogo wenu ni wewe. Ukikubali nini?

Nijibu hilo, hata kama la umeme utaliacha.

Mama wa binti yetu


9 Mei

Shemeji yangu mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mfereji wa maji machafu uliporomoka, tukafukua upya, nimekuwa mtu wa matope tu. Natumaini mtoto amepona kabisa na shangazi amenisamehe.

Kuhusu umeme: fanyeni kazi asubuhi, na msitumie mashine pamoja na pasi au jiko la umeme. Aanze na kiungo cha majaribio, akikate katikati kwa msumeno akitazame. Akiona mstari kati ya bomba na kiungo, joto halikutosha. Akiona pamekuwa kitu kimoja, aendelee. Kiungo kibovu kilichokwisha shikana hakitengenezeki, kinakatwa na kutupwa, kwa hiyo asiharakishe.

Kuhusu hayo mengine, mambo ya ukoo hayaendi kwenye karatasi, yana watu wazima wake. Kaka mkubwa ni mkubwa, na hawezi kukuchukia. Wewe usisimamishe kazi hata siku moja. Maji yakishaingia, kila kitu kitakuwa rahisi kwa wote.

Kitu kimoja nilisahau. Mtakapopita chumba cha mbele, unacholala, mwambie Koleo aache mdomo wa maji ya moto na nafasi ya hita ukutani, hata kama huna mpango nayo sasa. Na ule ukuta mdogo wa kabati ubomolewe, pawe na bafu la ndani. Ni rahisi sasa kuliko baadaye. Siku moja nitakuonyesha kwa nini.

Shemeji yako mwenye matope


25 Mei

Shemeji,

Hatujambo. Binti hajambo.

Shangazi alikuja Jumapili kama kawaida lakini hakumaliza hata kikombe kimoja. Alishika mkono wangu akasema, "Mwanangu, usiweke roho yako yote kwenye kuta hizi." Nikamuuliza kwa nini. Akasema goti linamuuma, akaenda zake.

Nimeahirisha mabomba ya kijani. Mashine tuliyotaka kukodi imeharibika. Nina swali moja tu la kifundi, na najua hili halihitaji kikao. Kuna viungo gani ambavyo mtu anaweza kuvifungua bila kukata bomba, na vikafungwa tena bila kuharibika? Nauliza kwa ajili ya matengenezo. Na sitazika kitu ukutani. Koleo anasema yakipita nje, yakivuja tutayaona.

Kuhusu bafu la ndani, sina haja nalo. Mimi na binti tunaoga kwa zamu na hatujawahi kugombana.

Mama wa binti


12 Juni

Shemeji,

Nimeshangaa kidogo, lakini swali la kazi silikatai.

Achana na yunioni za chuma, vile viungo vya nati vya kufungua, ni nzito na zinashika kutu. Chukua bomba jeusi la roli, lile linalouzwa limeviringishwa. Uzuri wake, roli moja linakwenda mbali bila kuungwa, kwa hiyo viungo vinakuwa vichache sana. Viungo vyake ni vya kukaza: kuna nati ya plastiki, pete inayouma bomba, na mpira wa kuzuia maji. Hakuna moto, hakuna gundi, hakuna umeme. Kata ncha ikae sawa, isiwe mshazari, kwangua makali kwa kisu, pakaa maji ya sabuni, sukuma mpaka ipite kwenye mpira, kaza kwa mkono, malizia na spana robo tu. Anayekaza kwa hasira anapasua nati.

Kiungo kimoja ni ghali kuliko cha moto. Lakini ukijumlisha kwamba huhitaji mashine, viungo ni vichache, na siku ukitaka unafungua nati na vitu vyote vinatoka vizima, kwa nyumba yako inaweza hata kuwa nafuu. Siwezi kukudanganya katika hilo.

Ila kuyapitisha nje sikubali. Yataifanya nyumba ionekane kama karakana. Na jua, ingawa jeusi linalistahimili. Fikiria mtu anayeingia kwa mara ya kwanza, anaona mabomba yamening'inia kama kamba za kuanikia nguo. Fikiri tena kuhusu bafu la ndani pia, nakuomba.

Sijakuambia, nimepata mchumba. Ni karani wa mahesabu hapa saiti. Tutaoana mwisho wa mwaka, Mungu akijalia. Ni mtu wa mjini, amezoea maji ya moto. Utampenda.

Shemeji yako


30 Julai

Shemeji,

Hongera kwa mchumba.

Maji yameingia. Koleo alifungua koki asubuhi, na mwanzoni kilichotoka ni upepo tu, mabomba yakakohoa kama mzee, yakatema vumbi, halafu maji yakaja meupe, yakatulia. Vyumba vyote sita kwa mara moja. Binti aliweka kichwa chini ya bomba na nguo zake za shule. Sikumkemea. Tangi liko juu ya mnara wa mbao, mabomba yanapita nje chini ya bati, yameshikwa kwa vibanio, na ni viungo vichache kweli kama ulivyosema. Hakuna hata kimoja kilichodondosha tone. Nesi amechukua chumba cha kwanza, fundi viatu cha pili, mtu na mkewe cha tatu.

Nilifurahi siku nne.

Siku ya tano kaka yenu alikuja na wazee watatu, wakakaa kwenye viti vyangu. Shangazi alikaa karibu na mlango akitazama sakafu. Kaka yenu akasema nyumba ya marehemu inabaki kwa damu yake. Nikasema, "Na binti yake ni damu ya nani?"

"Binti ataolewa," akasema. "Atakwenda kwa watu. Nyumba ni ya mdogo wetu. Anaoa, hana pa kumweka mke."

Nikasema, "Nusu ya matofali haya yametoka kwenye cherehani yangu. Mwiteni mdogo wenu aniambie mwenyewe."

Akaweka simu mezani, akabonyeza, na sauti yako ikajaa sebule. Siku hiyo mtandao ulikuwa safi. Ukasema, "Mimi sina pingamizi na yatakayoamuliwa." Nikaita, "Shemeji!" Ukakata.

Kaka yenu akanyanyuka. "Una mpaka mwisho wa mwezi wa tisa. Chukua vyako, vyote vinavyobebeka. Hatutaki watu waseme umedhulumiwa." Aliwaangalia wale wazee mmoja mmoja, nao wakaitikia kwamba wamesikia.

Nimekwenda ofisi za serikali mara mbili. Wananisikiliza vizuri, wananiambia kesi kama hizi zinachukua miaka, na kwamba nianze kwa kupata barua ya ukoo.

Wewe ulilala kwenye nyumba hii miezi minane ukiwa huna kazi. Nilikufulia. Sitaki maelezo, nataka mistari miwili tu, kwamba nyumba huitaki. Ukiandika hivyo, kaka yenu hana la kusema.

Mjane wa kaka yako


3 Septemba

Shemeji,

Sikuomba nyumba. Nimepewa.

Nina miaka kumi na tano nalala kwenye makontena na mapagala ya watu, natengeneza mabafu ambayo sitaoga. Kaka mkubwa ndiye aliyenilipia ufundi. Nikimkatalia leo, mimi ni nani kwake? Na mchumba nimeshamwambia nina nyumba.

Nimekuombea kwa kaka ubaki na chumba kimoja cha uani, wewe na mtoto, bila kodi, kwa mwaka mzima. Amekubali kwa shida. Naomba ulichukue hilo kwa moyo mweupe. Tutaishi vizuri, utaona. Mtoto atakuwa karibu na baba yake mdogo.

Umefanya kazi nzuri ya maji. Nitakuja mwezi wa kumi na moja.


14 Oktoba

Shemeji,

Sisi ni wazima, na hatuko tena pale.

Nimesoma barua zako zote mara ya pili kabla ya kuandika hii. Niliwahi kujiuliza, mtu mbahili kama wewe, aliyekuwa akigawa kiberiti nusu kwa nusu, anahimizaje gharama ya kitu cha kudumu kwenye nyumba ya mwenzake? Zika ukutani. Piga plasta. Usisimamishe kazi. Kumbe ulikuwa unajijengea kwa mikono yangu. Lakini sikujua mpaka ulipotaka maji ya moto chumba cha mbele. Kaka yenu alinificha, shangazi alishindwa kusema, wewe mwenyewe ukanieleza: mtu mwingine atalala pale. Mashine ya kukodi haikuharibika hata kidogo. Nilikudanganya, ili unifundishe viungo vinavyofunguka. Na ulinifundisha vizuri, siwezi kukunyima hilo.

Mwisho wa Septemba nilimwita Koleo asubuhi. Wapangaji nilikuwa nimewaambia mapema na kuwarudishia chao, na nesi alikuwa ameshapata chumba kwingine, lakini alikuja kusaidia. Tulifunga koki kuu, tukafungua bomba la mwisho maji yakatoka yote mpaka yakakauka. Tukaanza kutoka chumba cha sita. Nati ya kwanza ilikaza, nikadhani nimeumbuka, halafu ikalia na kuachia. Zilizofuata nilizifungua kwa mkono. Pete na mipira nimeiweka kwenye kopo, haukupotea hata mmoja. Fundi viatu alitoa vibanio ukutani. Mabomba yalirudi kwenye duara lake kana kwamba hayakuwahi kunyooshwa. Koki, masinki, mabomba ya kuogea, vyote. Tangi lilihitaji watu sita na kamba.

Kaka yenu alifika tukiwa tunaliteremsha. Akapiga kelele kutoka getini, "Unafanya nini wewe mwanamke?"

Nikasema, "Nachukua vinavyobebeka."

"Hayo ni mali ya nyumba!"

"Yangekuwa ya nyumba yangekuwa ndani ya ukuta, shemeji. Yalikuwa nje, wazi, ulipita chini yake ukija kunifukuza."

Akamgeukia Koleo. "Weka chini hilo!" Koleo akasema, "Mzee, tukiliweka chini sasa hivi litakuangukia." Watu waliokuwa wamejaa getini wakacheka, na mmoja wa wale wazee watatu alikuwa kati yao. Kaka yenu akamwambia awe shahidi. Yule mzee akasema ndiyo, yeye ni shahidi, na alichosikia ni vyote vinavyobebeka.

Bomba la getini sijaligusa. Lilikuwepo kabla yangu. Mtachota hapo.

Chumba cha uani bila kodi mpe mtu mwingine.


22 Novemba

Shemeji,

Nimefika. Nimeikuta nyumba kama pagala, matundu ya misumari kila ukuta. Mchumba wangu aliingia bafuni na taulo na kutoka nalo likiwa kavu vilevile. Kesho yake alibeba ndoo kutoka getini mbele ya majirani, na jioni akapanda basi kurudi kwao. Anasema atarudi maji yakiingia. Sina uwezo wa kuanza upya mwaka huu, na kaka mkubwa hashiki tena simu yangu.

Koleo nimemwita, amesema ana kazi nyingi. Wote wana kazi nyingi.

Mlilonifanyia limenifikia. Sasa niuzie tangi na mabomba, nitakulipa kidogo kidogo. Nakuomba kama ndugu. Binti hajambo? Ana miezi miwili hajanitumia salamu.


10 Desemba

Wewe,

Usidhani nacheka. Tunakaa chumba kimoja nyuma ya duka la nafaka, na mwenye nyumba ana maji yake tayari. Roli la bomba lilikaa chini ya kitanda mpaka panya wakalifanya nyumba. Tangi nimeliuza kwa shule, mabomba kwa Koleo, kwa bei ya kutupa, kwa sababu kila mtu alijua sina pa kuyaweka. Nilijenga nyumba miaka kumi na moja na mume wangu, na kilichobaki mkononi kimenunua cherehani ya pili. Hivyo ndivyo nilivyoshinda.

Shangazi anakuja huku pia, ingawa ni mbali na goti limerudi. Habari zenu hazitaji. Anakula, ananisaidia kushona vifungo, anaondoka.

Umeniuliza binti. Juzi aliniuliza kama baba mdogo bado ni baba mdogo. Nikamwambia hilo akuulize mwenyewe, nikampa kalamu na karatasi na kumwachia meza. Niliporudi alikuwa amefanya hesabu zake za shule kwenye karatasi ile, pande zote mbili.